Sosiete au Leta? Namna ya kupima kazi mbili kabla ya kuacha moja

Mwaka 2025 uliwatikisa wafanyakazi wengi wa Lubumbashi. Mwezi wa Februari serikali ya Kongo ilizuia madini ya kobalti yasitoke nchini, na haikuyaruhusu tena, kwa viwango vilivyowekwa, hadi Oktoba. Sisi tunaobeba mizigo kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tulibaki na malori yasiyopata kazi ya kutosha, na mara kwa mara mtu alisimama mbele ya meza yangu na swali lile lile: si afadhali niache sosiete, kampuni, niingie kwa Leta, yaani serikalini?

Mimi ndiye ninayetayarisha mishahara katika kampuni binafsi ya usafirishaji. Mume wangu ni mkuu wa ofisi katika huduma moja ya Leta. Nyumba yetu ya Kampemba inapokea feza za pande zote mbili, na kwa miaka nimezoea kuziweka pembeni kwa pembeni. Wanaoniuliza huwa nawajibu kwamba Leta si mwajiri mmoja. Iko kazi ya Leta inayoshinda kazi nyingi za sosiete, na iko nyingine ambayo hata kibarua wa kutwa angeikataa kama angeelezwa ukweli wake. Usilinganishe sosiete na Leta. Linganisha karatasi uliyo nayo leo na karatasi unayoahidiwa.

Leta gani?

Ukisema kazi ya Leta, watu wengi huku wanaona ofisi ya divisheni ya mkoa: elimu, afya, kilimo, migodi, ardhi. Huo ndio utumishi wenyewe. Unaongozwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumishi wa kazi za umma, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1981. Humo kuna vyeo, kuanzia huissier, tarishi wa ofisi, hadi katibu mkuu wa wizara, na mtu anapanda ngazi kwa ngazi. Kuingia kunapaswa kupita kwenye mtihani wa ushindani, na mtumishi kamili ana nambari yake ya matrikule.

Halafu kuna huduma za mapato: DGI ya kodi, DGDA ya forodha, DGRAD ya mapato mengine ya ofisi za Leta. Nazo ni za Leta, lakini zina taratibu zao na prime zao, yaani nyongeza juu ya mshahara, na nani asiyejua kwamba mtu wa forodha Kasumbalesa na karani wa divisheni ya kilimo hawaishi maisha yale yale hata kama diploma zao zinafanana.

Kundi la tatu ndilo linalochanganya watu. OCC ya ukaguzi wa bidhaa, INPP ya mafunzo ya kazi na CNSS ya hifadhi ya jamii ni taasisi za umma. SNEL ya umeme, REGIDESO ya maji, SNCC ya reli na Gécamines ya madini ni mali ya Leta, lakini sheria za mwaka 2008 ziliyageuza mashirika ya namna hiyo kuwa kampuni za biashara. Wafanyakazi wao wanaongozwa na Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, ile ile inayokuongoza wewe katika sosiete yako, na michango yao ya uzeeni inakwenda CNSS kama yako. Ukitoka kampuni binafsi ukaenda SNEL, umebadilisha mwenye kampuni, hukubadilisha sheria. Usifikiri kwamba umekuwa mtumishi asiyeguswa.

Hapa niseme neno juu ya Gécamines, kwa sababu ndiyo iliyojenga picha ya kazi nzuri katika mji huu. Wazee wetu wanaposimulia Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, na baadaye Gécamines, wanasimulia nyumba, hospitali, masomo ya watoto, na posho ya unga iliyofika bila kuulizwa. Ilikuwa kweli. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Miaka ya tisini ikaanguka, mishahara ikakatika miezi kwa miezi, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa feza za Benki ya Dunia. Watoto wao ndio sisi. Ndiyo maana mzee akikwambia kampuni ya Leta haifi, msikilize kwa heshima, kisha uulize imelipa mishahara mingapi mwaka huu.

Kundi la nne ni mkoa, pamoja na kabineti, yaani ofisi za washauri, za mawaziri na za gavana. Kazi ya kabineti inaonekana ya Leta kwa sababu ina muhuri na gari, lakini inaisha siku waziri anapoondoka. Mtu anayeacha mkataba usio na mwisho ili awe mshauri wa waziri wa mkoa ameuza nyumba akanunua hema.

Feza, na siku inapofika

Upande wa sosiete mshahara mara nyingi unahesabiwa kwa dola. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa kinga kubwa: dola ilikuwa karibu franka 2,000 mwanzoni mwa 2023, ikafika karibu 2,850 mwisho wa 2024, na mshahara wa mume wangu, unaohesabiwa kwa franka, ulikuwa unayeyuka sokoni huku wangu ukisimama. Kisha mwaka 2025 franka ikapanda thamani ghafla. Watu wa dola walipokwenda kubadilisha walipata franka chache zaidi, na bei ya mfuko wa unga haikushuka kwa mwendo ule ule. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, yeye ndiye aliyelipa zaidi ya nusu ya matumizi ya nyumba. Kwa hiyo usiseme dola ni bora daima. Angalia matumizi yako yako kwa feza gani: kodi ya nyumba mjini huku mara nyingi inadaiwa kwa dola, minerval, yaani ada ya masomo, pia katika shule nyingi za binafsi, bali sokoni unanunua kwa franka.

Kwa wa chini kabisa, sosiete inabanwa na SMIG, mshahara mdogo wa kisheria. Ulikuwa franka 7,075 kwa siku tangu 2018, na mwaka 2025 ukapandishwa hadi 14,500. Leta ina ngazi zake. Makubaliano ya Mbudi ya Februari 2004, kati ya serikali na vyama vya wafanyakazi, yalitaka huissier apate dola 208 na katibu mkuu dola 2,080, na hadi leo vyama vya wafanyakazi vinayataja kila vinapokaa mezani na serikali. Mtu akikuonyesha mshahara wa Leta ulioandikwa mahali, mwulize kama ni wa makubaliano au ni ule unaoingia banki.

Na unaoingia banki una sehemu mbili, mshahara wa msingi na prime. Msingi ni mdogo. Prime ndiyo inayotofautisha wizara na wizara, na hata watu wawili wanaokaa chumba kimoja. Haifuati cheo peke yake, na si kila aliye na msingi ana prime. Ukiniuliza swali moja la kumpelekea anayekuita Leta, ni hili: nitakuwa kwenye listi ya msingi, ya prime, au zote mbili?

Tangu 2011 serikali ilipoanza kulipa watumishi kupitia banki, jambo moja limekuwa bora sana. Zamani feza zilisafiri katika mifuko ya wahasibu. Sasa mume wangu anapata ujumbe kwenye simu, na banki inaweza kumkopesha kwa sababu inaona mshahara wake unapita. Mimi pia nakopesheka, lakini banki inauliza mkataba wangu unaisha lini.

Watu wenye karatasi bila mshahara

Hapa ndipo ningependa kila kijana asome polepole. Katika ofisi za Leta kuna watu wanaoitwa N.U., yaani wapya ambao wamepangiwa kazi lakini hawajaingizwa kwenye malipo. Wana karatasi yenye muhuri wa mkuu wa divisheni. Wanakuja kila asubuhi, wanafanya kazi kweli, wengine wanafundisha darasa zima. Hawalipwi. Wengine wanakaa hivyo miaka, wakingoja jina lao liingie kwenye mashine ya mishahara Kinshasa.

Dereva mmoja kijana aliniletea karatasi ya namna hiyo mwaka jana, amefurahi. Akaniuliza, "Mama, nikianza mwezi huu, nitalipwa lini?" Niliitazama. Ilikuwa na jina lake, mahali pa kazi, sahihi na muhuri. Haikuwa na matrikule wala hati ya wizara inayompa cheo. Nilimwambia karatasi hii inakupa kiti, haikupi mshahara. Aliumia, na mimi niliumia kumwambia, maana alikuwa tayari ametoa feza kwa mtu aliyemwahidi "kumsaidia".

Tofauti ni hii. Mtu aliyeingia kwa mtihani uliotangazwa, ana hati ya uteuzi iliyotiwa sahihi na wizara, ana matrikule, na jina lake linaonekana kwenye listi ya malipo: huyo ameingia kwa Leta. Asiye na hayo bado yuko mlangoni, hata kama ana meza na ufunguo. Na usitoe feza ili uingizwe. Feza hiyo hairudi, wala hakuna mahakama utakayokwenda kuidai.

Kazi inapokatika

Kwa sosiete unaweza kuachishwa, lakini sheria inakupa kitu. Mwajiri anapovunja mkataba usio na mwisho anadaiwa taarifa ya mapema ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima uliofanya. Aliyekaa miaka sita anastahili siku 56. Mkataba wenye mwisho hauwezi kupita miaka miwili, wala kurudiwa zaidi ya mara moja na mwajiri yule yule. Na kibarua wa kutwa aliyefikisha siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho. Kampuni nyingi ndogo zinazopewa kazi na migodi zinaishi kwa kukiuka mistari hii miwili ya mwisho. Kabla ya kukimbilia Leta, angalia kama tayari unayo haki ambayo hukuijua.

Mtumishi wa Leta hafukuzwi kirahisi. Lazima afunguliwe kesi ya nidhamu, na anaweza kujitetea. Bei ya kobalti ikishuka London, ofisi ya mume wangu haisikii kitu. Mwaka 2008 viwanda vingi vya kuyeyusha madini hapa Katanga vilifunga milango ndani ya miezi michache, na mwaka 2019 mgodi mkubwa wa Mutanda karibu na Kolwezi ulisimamishwa. Walimu wa Leta waliendelea kuhesabu chaki zao. Kwa mtu mwenye watoto wanne masomoni, kutoshtushwa na soko la dunia ni utajiri, na mimi siudharau hata kidogo.

Hatari ya mtumishi ni nyingine: kusahaulika. Anaweza kufanya kazi miaka kumi na cheo kikabaki pale pale kwa sababu faili yake imelala Kinshasa. Anaweza kuhamishwa. Shefu akibadilika, kazi yake inaweza kupewa mwingine huku yeye akibaki na mshahara na kiti kisicho na mafaili. Wengine hilo haliwasumbui. Fundi anayependa kazi ya mikono yake litamla moyo.

Ugonjwa

Hapa sosiete inashinda, na inashinda kwa mbali, ikiwa inafuata sheria. Sheria ya Kazi inamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi pamoja na familia yake. Mtoto wetu wa pili alipolazwa kwa malaria kali, ni karatasi ya kampuni yangu iliyofungua mlango wa kliniki, si cheo cha baba yake. Kwa utumishi haki ya matibabu imeandikwa pia, lakini watumishi wengi wanalipa wenyewe kisha wanangoja. Walimu wana MESP, mutuelle yao ya afya, yaani mfuko wa kusaidiana matibabu, inayokatwa kwenye mshahara, na kwa familia ya mwalimu hiyo ni ahueni kubwa. Kama una mgonjwa wa sukari au wa damu nyumbani, anza kulinganisha hapa kabla ya mshahara. Piga hesabu ya dawa za mwezi, uzitoe kwenye mshahara wa Leta, ndipo uone kinachobaki.

Mama mwenye mimba aliye na mkataba wa sosiete ana wiki 14 za mapumziko kisheria, akilipwa theluthi mbili ya mshahara. Asiache kazi katikati ya mimba kwa ahadi ya kiti mahali pengine.

Saa za siku

Sheria inaruhusu sosiete saa 45 kwa wiki, na migodi ina zamu za usiku na kambi za mbali ambako baba anaonekana nyumbani kama mgeni. Likizo ya kisheria ni angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi uliofanya. Mtumishi wa Leta ana siku 30 kwa mwaka, na alasiri ofisi nyingi zimefungwa.

Hizo alasiri ni feza. Mume wangu analima mahindi njia ya Kasenga. Mvua inapoanza yuko shambani, na mwaka ambao mahindi yanakubali hatununui unga wa Zambia miezi kadhaa. Mimi nisingeweza: nikitoka kazini ni giza. Anayelinganisha mishahara miwili bila kuhesabu shamba, duka la mke au masomo ya jioni anayofundisha mtumishi, amehesabu nusu. Lakini pia asiye na shamba wala ujuzi wa kuuza kitu pembeni, alasiri hizo zitakuwa za kukaa barazani, na mshahara wa msingi peke yake hautamfikisha tarehe 15.

Kuna njia nyingine ya pembeni ambayo kila mtu anaijua, ya kumwomba raia "kitu" ili faili yake itembee. Nimewasikia watu wakiihesabu kabisa katika uamuzi wao: mshahara ni mdogo, lakini pale mezani kuna chakula. Mimi hiyo siiweki kwenye mizani. Anayeombwa ni mama wa Katuba aliyekuja kutafuta cheti cha mtoto, na ametembea kwa miguu. Kama hesabu ya kazi mpya haisimami bila feza yake, basi haisimami.

Uzee

Nitapita haraka. Sosiete inachangia CNSS: asilimia 5 inatoka kwako kwa ajili ya pensheni, na asilimia 5 nyingine kwa mwajiri. Mtumishi ana kasha lake, CNSSAP, lililoundwa kwa dekreti ya 2015. Miaka uliyochangia upande mmoja haifutiki unapohamia mwingine, mradi iliandikwa. Nenda CNSS na nambari yako uangalie kama mwajiri wako alipeleka kweli alichokukata. Fanya hivyo ungali mfanyakazi wake, kwa sababu ukishaondoka hakuna atakayekutafutia karatasi.

Ningemwambia nani aende

Mwanasheria, mhasibu au mhandisi kijana anayeshinda mtihani uliotangazwa wa huduma ya mapato au taasisi ya umma: aende, hata kama mwaka wa kwanza atapungukiwa. Vilevile kijana mwenye diploma ya chuo kikuu, wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, au kwingine, anayeweza kujaribu École nationale d'administration ya Kinshasa, iliyoundwa upya kwa dekreti ya mwaka 2013. Kwa maoni yangu huo ndio mlango safi kuliko yote.

Mwalimu wa shule ya binafsi anayetaka shule ya Leta yuko katika hali ngumu zaidi. Shule ya binafsi inamlipa kwa minerval, na wazazi wakichelewa naye anachelewa, na likizo kubwa mara nyingi haina mshahara. Shule ya msingi ya Leta, tangu elimu ya bure ianze Septemba 2019, haimpi tena ile prime iliyotoka kwa wazazi. Ana mshahara wa Leta, basi. Mwenye matrikule na aliye kwenye listi ya DINACOPE, ofisi inayotayarisha malipo ya walimu, ningemshauri abaki au aende huko. Anayeambiwa "anza kwanza, utaingizwa baadaye", asiache darasa lake la binafsi.

Fundi wa mgodi mwenye mkataba usio na mwisho, matibabu ya familia na miaka minane nyuma yake: abaki, ila kama mwili umechoka. Na huyu wa mikataba ya miezi mitatu mitatu chini ya kampuni ya sous-traitance, inayofanya kazi kwa niaba ya mgodi, hana kikubwa cha kupoteza. Yeye ajaribu kila mtihani unaotangazwa, akiendelea kufanya kazi.

Ukiamua kuondoka

Taarifa ya mapema anayodaiwa mfanyakazi ni nusu ya ile ya mwajiri, kwa hiyo yule wa miaka sita anatoa siku 28 za kazi. Iandike, peleka nakala mbili, rudi na moja yenye sahihi ya kupokea. Dai hesabu ya mwisho, pamoja na likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha mwisho wa huduma. Sheria inamlazimisha mwajiri kukupa hicho cheti hata kama mmeachana kwa hasira.

Jambo ambalo watu hawalifikirii: barabara hii hairudi sawasawa. Mtumishi wa Leta anayetaka kujaribu sosiete anaweza kuomba kuwekwa kando kwa muda bila mshahara, na siku moja kurudi kwenye cheo chake. Aliyetoka sosiete hana mlango huo, nafasi yake inachukuliwa wiki ile ile. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi iwe karatasi ya mwisho kuandikwa, baada ya hati ya wizara, baada ya matrikule. Ikibidi uanze kazi ya Leta kabla malipo hayajafunguka, tumia kwanza siku za likizo ulizonazo, uwe na unga, kodi na minerval vya miezi sita pembeni, na mwenzako wa nyumbani awe ameiona hesabu yote, mstari kwa mstari, akakubali.